Habari za Katuni Zilizofundisha Watoto Kusoma

Katika mwaka wa 1924, zama ambazo sinema ilikuwa bado bubu na sauti iliyosikika ukumbini ilikuwa ya kinanda kilichopigwa chini ya kitambaa cheupe, ndugu wawili wa mjini New York, Max na Dave Fleischer, walianza kutoa filamu fupi ambazo hazikukusudiwa kumfundisha mtu yeyote kusoma, walakini ni lazima habari hizi zianze kwazo. Filamu hizo zilionyesha maneno ya nyimbo zilizojulikana sana katika Marekani ya siku zile, mstari baada ya mstari, na juu ya maneno kikarukaruka kitufe cheupe ambacho kilitua juu ya kila silabi kwa wakati wake, na watu wote waliohudhuria, wakubwa kwa wadogo, wakaimba huku wakikifuata kwa macho. Kitufe chenyewe aghalabu hakikuwa mchoro: kilikuwa kidude king'aacho kilichochomekwa kwenye ncha ya kijiti kirefu, na mtu asiyeonekana katika picha alikirusha kwa mkono juu ya maandishi akiliandama pigo la wimbo. Beti zilipoendelea, vikaragosi vya katuni vilishika mahali pa kitufe, vikatembea juu ya maneno na kuyageuza maumbo, nao waimbaji wasiache kuimba.

Filamu nyingi katika hizo hazikuimba. Zilionyesha neno, zikaweka alama juu yake, kisha zikamwachia mtazamaji sauti. Walioshika kazi ya kufundisha kusoma kwa katuni baada ya hapo walipita njia ndefu sana kabla ya kuifikia tena siri hii ndogo, na tarehe yote ya kazi hiyo, kwa kadiri ninavyoielewa, ni tarehe ya watu waliojifunza pole pole mahali pa kunyamaza.

Kwa nini katuni, hali sinema ya watu na miji ilikuwako? Kwa sababu kamera ya kawaida hupiga kilichopo mbele yake, lakini mchoraji anayechora picha 24 kwa ajili ya kila sekunde moja, au nusu ya hizo akizirudia mbili mbili, anaweza kukipa uhai kitu kisicho na uhai wowote duniani, na katika vitu vyote ambavyo mtoto hulazimishwa kuvijua hakuna kilicho kikavu kuliko herufi. Mwalimu huiandika ubaoni, nayo hubaki pale ilipoandikwa. Katuni huiinua ikatembea, ikaanguka, ikajikunja, ikaishika mkono herufi ya pili, na sauti yake ikasikika wakati ule ule umbo lake linapoonekana, hata jicho na sikio vikapokea habari moja kwa pamoja. Faida hii ilikuwa dhahiri tangu mwanzo. Kilichokuwa kigumu ni kuitumia.

Kwetu Afrika ya Mashariki sinema ya mafunzo ilifika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri juu ya milima ya Usambara, karibu na Korogwe, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha jaribio la kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika, kwa fedha za wakfu wa Carnegie wa Marekani, wakatoa filamu takriban 35 juu ya kilimo, maradhi, kodi na akiba ya posta, wakazipakia katika lori na kuzizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na maelezo yake yakapigwa kwa sahani za santuri katika Kiswahili na lugha nyinginezo. Herufi hazikuwamo katika shabaha zao. Na baada yao, tangu 1939, William Sellers, aliyekuwa mtumishi wa afya Nigeria kabla ya kuongoza idara ya filamu za makoloni kule London, alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kuelewa picha isipokuwa iende pole pole, bila mizungu ya kamera wala mrukio kutoka mahali hadi mahali. Kwa fatwa ya namna hiyo, katuni, ambayo yote ni mizungu, ilifungiwa mlango kabla ya kubisha. Rai hiyo haikuwa ya haki, nayo iliwadhulumu watoto wa vizazi viwili, kwa maana watu waliolelewa na hadithi za sungura anayesema na kumhadaa simba hawakuhitaji kufundishwa jinsi ya kukubali mnyama anayezungumza katika picha.

Wakati huo huo Marekani iliitazama katuni kama chombo cha siasa yake ya nje. Mwaka 1940, vita vikiwa vimewaka Ulaya, serikali ya Washington iliunda afisi ya kujenga urafiki na nchi za Amerika ya Kilatini, ikaikabidhi kwa Nelson Rockefeller, naye akamwita Walt Disney. Mwaka 1941 Disney alizuru Amerika ya Kusini pamoja na wasanii wake, na mwaka 1943 walimu na wataalamu wakakusanyika katika studio yake huko California kujadili namna ya kufundisha kwa picha. Matunda ya baraza hilo, katika mwaka 1944, yalikuwa ni filamu chache za majaribio za kufundishia watu wazima kusoma Kihispania, zikimhusu José, mwenye siha njema kwa kuwa hula vizuri, na Ramón, ambaye ni mgonjwa. Somo la afya lilitangulia, kisha maneno yale yale ya somo yakaonyeshwa yakiwa maandishi ili yasomwe.

Mpango huo ulikuwa na akili ndani yake, maana maneno machache yalirudiwa mara nyingi, na kila neno liliambatana na kitu kinachoonekana. Hata hivyo haukudumu. Upinzani mkubwa ulitoka Mexico, ambako walimu waliona kwamba kuwafundisha raia kusoma ni wajibu na heshima ya taifa lenyewe, wala haifai kukabidhiwa watengenezaji wa katuni wa nchi jirani, hata wakiwa hodari namna gani. Na Mexico ilikuwa na shauri lake: mwezi wa Agosti mwaka 1944, katika utawala wa Rais Manuel Ávila Camacho, Jaime Torres Bodet akiwa Waziri wa Elimu, ilipitishwa sheria iliyomtaka kila mtu ajuaye kusoma, aliye baina ya umri wa miaka 18 na 60, amfundishe mtu mmoja asiyejua, aliye baina ya miaka 6 na 40. Nikiziweka njia hizi mbili mbele yangu, moyo wangu huelekea upande wa sheria ya Mexico, kwa kuwa José wa katuni aliweza kuonyesha neno kwa uzuri usio na kifani, lakini hakuweza kumsikia mwanafunzi akikosea.

Miaka 20 na zaidi ilipita. Televisheni ikaingia majumbani, na watoto wa Marekani wakawa wanazijua nyimbo za matangazo ya sabuni na pombe kabla ya kuzijua herufi za majina yao. Mwaka 1966 Joan Ganz Cooney aliandika ripoti iliyouliza kama chombo hicho hicho hakingeweza kumwandaa mtoto kwa shule, na kutokana na swali hilo, kwa msaada wa Lloyd Morrisett wa Carnegie, kikaanza kipindi cha Sesame Street tarehe 10 Novemba 1969. Wengi hukikumbuka kwa vinyago vyake vya nguo, lakini kazi ya kufundisha herufi na tarakimu ilibebwa sana na katuni fupi fupi, zilizotengenezwa kwa mfano wa matangazo ya biashara yenyewe: herufi moja ilitangazwa mara nyingi katika siku moja, kwa vituko mbalimbali, kama bidhaa itafutiwayo mnunuzi.

Jambo lililokuwa jipya hasa ni kwamba watengenezaji walikubali kuhukumiwa na watoto. Mtafiti wao, Edward Palmer, alimketisha mtoto mbele ya televisheni iliyoonyesha kipindi, na kando yake akaweka skrini ya pili iliyoonyesha picha nyingine kila baada ya sekunde saba na nusu. Palmer hakumuuliza mtoto chochote. Alitazama tu macho yake, na kila yalipokimbilia picha za kando alijua kwamba kipande kile cha kipindi kimeshindwa, hata kama wakubwa walikisifu.

Katika majaribio ya siku hizo kulitokea jambo ambalo walimu wote wa darasa la kwanza, popote walipo, wangefaa kulijua. Mwigizaji James Earl Jones, yule yule ambaye baadaye sauti yake ilikuwa ya Mufasa katika katuni ya mwaka 1994, alipigwa picha akizitaja herufi za alfabeti moja baada ya moja, uso wake ukiielekea kamera. Herufi ilionekana kwanza kando ya kichwa chake, akakaa kimya kitambo kidogo, akiitazama hadhira kwa macho makali, ndipo akaitaja. Watafiti waliona kwamba mtoto aliyeitazama filamu hiyo mara ya kwanza aliitaja herufi baada ya Jones, kama mwitikiaji. Alipoitazama tena na tena, alianza kuitaja mara tu ilipoonekana, kabla Jones hajafumbua kinywa. Na alipoizoea kabisa, aliitaja herufi ifuatayo kabla haijatokea. Hakuna mtu aliyemwambia mtoto ashindane na yule bwana. Kimya ndicho kilichomwita, na kila kilipomwita alisogea hatua moja, kutoka kuiga hadi kutambua, na kutoka kutambua hadi kukumbuka. Wanafunzi wa vyuo vyetu vya pwani, waliokaa juu ya mkeka na mbao zao magotini wakiitikia alifu na bei baada ya mwalimu, walijua daraja ya kwanza na ya pili ya ngazi hiyo vizuri sana. Kilichoongezwa hapa ni mwalimu asiyechoka kurudia na asiyemkaripia aliyechelewa.

Kwa watoto wakubwa kidogo, wale waliokwisha anza shule na kusoma kukawashinda, watu hao hao walitoa kipindi cha pili, The Electric Company, kilichoanza tarehe 25 Oktoba 1971, na kwa maoni yangu ndani ya kipindi hiki katuni ya kusomesha ilifikia ufundi ambao haujapitwa sana hata leo. Humo vilionekana vivuli viwili vya nyuso za watu, vikielekeana. Kivuli cha kwanza kilitamka mwanzo wa neno, na herufi zake zikatoka kinywani mwake. Cha pili kikatamka sehemu iliyosalia, nazo herufi zake zikatoka vile vile. Kisha vyote viwili vikatamka kwa pamoja, na vipande vikakutana katikati vikawa neno moja. Hapakuwa na mandhari, wala rangi za kuvutia, wala kichekesho. Jicho halikuwa na mahali pengine pa kwenda isipokuwa kwenye herufi. Watafiti waliochunguza mwendo wa macho ya watoto walikuwa wameona kwamba msomaji dhaifu huyakimbia maandishi yaliyowekwa kando au chini ya tukio, akautazama uso wa anayetenda. Basi ufumbuzi ulikuwa kuyaweka maandishi yawe ndiyo tukio lenyewe.

Hekima hiyo hiyo ilitumika katika visa vya shujaa Letterman vya kipindi hicho hicho, vilivyochorwa katika karakana ya John na Faith Hubley, ambamo mchawi mwovu hubadili herufi moja ya neno na ulimwengu ukabadilika papo hapo, mpaka shujaa afike na kuirekebisha. Tungevisimulia kwa lugha yetu tungesema hivi: watu wameketi ukingoni mwa mto, mchawi akalichomeka o moja ndani ya neno, na maji yakawa moto; shujaa akaja mbio, akaling'oa lile o, watu wakapona. Mtoto anayetazama kisa cha namna hii haelezwi kwamba kila herufi ina thamani. Anaona watu wakiungua kwa sababu ya herufi moja, naye hupiga kelele kumwambia shujaa ni ipi ya kuondolewa.

Katika Januari 1973 ulianza mradi mwingine kwa njia tofauti kabisa. David McCall, mwenye kampuni ya matangazo mjini New York, alikuwa na mwana aliyeshindwa kukariri majedwali ya kuzidisha ilhali maneno ya nyimbo za roki aliyajua yote kwa moyo. Mwanamuziki Bob Dorough akapewa kazi ya kuzitia hesabu katika nyimbo, Tom Yohe akachora, na shirika la ABC likarusha Schoolhouse Rock, katuni za dakika tatu tatu katikati ya vipindi vya watoto vya asubuhi ya Jumamosi. Baada ya hesabu ilifuata sarufi. Nomino, kitenzi, kivumishi, kielezi, kiwakilishi na kihisishi kila kimoja kilipata wimbo wake na picha zake, na uliotukuka kuliko zote ni ule wa viunganishi, ambamo mfanyakazi wa reli, katika njia panda ya treni, hulishika behewa lenye neno moja na behewa lenye neno jingine, akalichomeka kati yao behewa dogo la kiunganishi, na treni ikaondoka. Hapo dhana ambayo vitabu huieleza kwa kurasa mbili ilionekana kwa mara moja: kazi ya kiunganishi ni kufunga, na vifungwavyo vyaweza kuwa maneno, vikundi vya maneno au vishazi vizima.

Wamarekani wengi waliokuwa watoto zama hizo wanaziimba nyimbo hizo hata sasa. Napenda kuusifu mradi huo bila kinyongo, lakini lazima niseme kwamba wimbo, pamoja na nguvu zake zote, humpa mtoto sentensi ya mtunzi, naye huirudia kwa furaha maisha yake yote, na kuirudia sentensi si sawa na kuitunga. Yaliyobaki baada ya wimbo kwisha ilikuwa kazi ya mwalimu, na pale ambapo mwalimu hakuifanya, tafsiri ya nomino ilibaki midomoni bila kuingia katika kalamu.

Angela Santomero na wenzake walilikaribia jambo hili kwa upande mwingine. Kipindi chao cha Blue's Clues, kilichoanza mwaka 1996, kilimfanya mwenyeji wa kipindi aulize swali na kungoja jibu la mtoto aliyeko nyumbani, kisha sehemu ile ile ikarushwa siku tano mfululizo, kwa kuwa ilieleweka sasa kwamba mtoto hachoki kurudiwa, bali hukua ndani ya marudio. Mwaka 2007 Santomero akaongeza Super Why!, ambamo wahusika wa katuni huingia ndani ya kitabu cha hadithi na kubadilisha neno katika sentensi ili mambo ya hadithi yageuke.

Uingereza ilishika njia ambayo ni kinyume cha hizi zote. Mwaka 2001 taasisi ya filamu ya nchi hiyo, BFI, ilikusanya filamu fupi kwa ajili ya watoto wa miaka 7 hadi 11, katuni zikiwamo, ikazipeleka madarasani ziwe matini ya kusomwa kama isomwavyo hadithi. Filamu hizo hazikufundisha herufi wala kutaja kanuni yoyote ya sarufi, na baadhi yake hazikuwa na neno hata moja. Mwalimu alipewa vichwa sita vya kuongozea mazungumzo, yaani kamera, rangi na mhusika, kisha kisa, mahali na sauti, navyo vilimtosha kuwauliza watoto walichokiona na walichokifahamu.

Katika madarasa ya Kiingereza imependwa sana katuni moja ya Christopher Duriez, ya nyani anayeishi peke yake mwezini. Kazi yake ni kuitunza mitambo ili mwezi uwake. Akimaliza kazi huketi akaitazama dunia iliyo mbali, akapiga tarumbeta, na chozi likamtoka. Basi. Hakuna msimulizi, hakuna anayesema kwa nini alikwenda huko, wala nani alimpeleka, wala kama atarudi. Mwalimu mwenye busara huisimamisha filamu nyani anapogeuka kuitazama dunia, akawaambia watoto waandike anachowaza; mara nyingine huificha picha na kuwaacha wasikie sauti peke yake, wataje mahali na hali ya hewa na namna ya mtu aliyepo, na ndipo awaonyeshe picha ili walinganishe. Mtoto aliyeshindwa kuandika mistari mitatu kwa sababu hana la kusema hujikuta ana la kusema, kwa kuwa amemwona kiumbe mwenye huzuni asiyeweza kuieleza, na yeye mwenyewe ndiye anayekopesha maneno. Vivumishi, vielezi na viunganishi, vile vilivyoimbwa Marekani, huja hapa kwa sababu vinahitajika: nyani ni mpweke kiasi gani, alipiga tarumbeta vipi, alilia kwa kuwa nini. Naiona hii kuwa ndiyo daraja ya juu ya kazi yote niliyoisimulia, na haikuhitaji herufi hata moja kucheza ngoma.

Nikirudi kwetu, mwaka ule ule wa 1973, nyimbo za sarufi zilipokuwa zikianza New York, Zanzibar ilifungua televisheni yake ya rangi, hali Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka miaka ya 1990. Kwa hiyo watoto wa Bara walichelewa sana kuonana na katuni, na walipoonana nayo ilisema Kiingereza. Mwaka 2013 vijana wa fani mbalimbali waliasisi Ubongo mjini Dar es Salaam, na Januari 2014 Ubongo Kids ikaanza kurushwa na TBC1, ikifundisha hesabu na sayansi kwa visa na nyimbo za Kiswahili. Kisha mwaka 2016 ikafuata Akili and Me, ya watoto wadogo zaidi, ambayo mhusika wake ni msichana wa miaka minne akaaye chini ya Mlima Kilimanjaro, naye akilala huingia katika nchi ya ndoto ambako anajifunza herufi, hesabu na maumbo pamoja na rafiki zake wanyama. Utafiti wa Dina Borzekowski, uliofanywa kwa watoto wa Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba walioitazama Akili waliwapita wenzao waliotazama katuni nyingine katika kuchora, maumbo, kutambua tarakimu, kuhesabu na Kiingereza. Rai ya Sellers, iliyotawala London kwa miaka mingi, ilipata jibu lake hapo, tena kutoka kwa watoto ambao hata shule ya msingi walikuwa hawajaianza.

Kiswahili chenyewe bado kinadai haki yake. Hakuna lugha iliyo tayari zaidi kwa vile vivuli viwili vya nyuso kuliko lugha hii, ambayo silabi zake nyingi huishia kwa irabu na ambayo kila herufi hutamkwa kama ilivyoandikwa, hata mtoto aliyeshika ba, be, bi, bo, bu huwa amekwisha pata ufunguo wa mamia ya maneno. Kivuli kimoja kingetoa konsonanti na cha pili irabu, kisha vyote viwili vingenyamaza, mtoto akatangulia kutamka. Kazi ya namna hiyo ingefaa ifanywe kama ilivyofanywa Marekani katika kiangazi cha mwaka 1968, kabla Sesame Street haijarushwa, ambapo Gerald Lesser wa Harvard aliwakutanisha walimu, wanasaikolojia, waandishi na wachoraji katika vikao vitano vya siku tatu tatu, wakabishana juu ya kila jambo ambalo mtoto wa miaka minne apaswa kulijua. Walimu wa darasa la kwanza wa Tandahimba na wa Pangani wanayajua makosa ya kusoma ya watoto wetu, moja kwa moja na kwa majina, na ningependa sana kuwaona wakiketi meza moja na wachoraji wa Dar es Salaam.